Gari Likiharibika: Kwa Wakala au kwa Fundi wa Jua Kali?



 Juma hili tumeliacha jiko na tumeyaacha masomo ya watoto, tukatoka hadi pale lilipoegeshwa gari. Gari leo si anasa kwa jamaa nyingi. Ndilo linalowapeleka watoto skuli asubuhi, ndilo linalomkimbiza mgonjwa hospitali usiku wa manane, na kwa jamaa zetu wa Mwambao waliohamia Nairobi, ndilo linaloteremka Mombasa wakati wa Idi likiwa limejaa watoto na vikapu. Breki za gari hilo zikiwa mbovu, anayeumia ni mtu, si chuma.

Limetufikia swali kutoka kwa mama mmoja, asili yake Lamu, makazi yake sasa Kileleshwa. Mumewe yuko kazini Ughaibuni, na yeye ndiye dereva, ndiye mlezi, ndiye mshika fedha. Gari lake limeanza kugonga upande wa mbele likipita matuta, na juu ya dashibodi imewaka taa ya manjano yenye umbo la injini. Shemeji yake amemwambia asithubutu kulipeleka popote ila kwa wakala wa kampuni. Jirani yake amemwambia yuko fundi Dagoretti Corner atakayelitengeneza kwa robo ya bei. Naye akatuandikia hivi: “Maalim, nimeambiwa wakala ni mwizi wa kalamu, na nimeambiwa jua kali ni mwizi wa mchana. Basi niende kwa mwizi gani?”

Swali lina kicheko ndani yake, lakini wanaouliza hivyo ni wengi, na wengi wao ni wanawake. Tutalijibu kwa utuvu, kwani si haki kuwaita watu wezi kwa jumla, na wala si busara kumpa mtu amana bila kumjua.

Kwanza na tuitazame Nairobi yenyewe. Mawakala wa kampuni za magari, wale wenye kibali cha kuuza magari mapya na kuyahudumia kwa jina la kiwanda, karakana zao kubwa ziko zaidi upande wa Industrial Area na kandokando ya Uhuru Highway na Barabara ya Mombasa. Ukiingia huko utapokewa na karani aliyevaa nadhifu, utaketi penye kiti na kahawa, gari litaandikwa katika kompyuta, na utaitwa likiwa tayari.

Upande wa pili ni mafundi wanaojitegemea. Jina la jua kali laeleza asili yake: ni watu waliofanya kazi chini ya jua bila paa la kuwafunika. Wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani waliichunguza hali ya ajira Kenya na kutoa ripoti yao mwaka 1972, na ripoti hiyo ikaufanya ulimwengu uitambue kazi ya namna hii kuwa ni nguzo ya uchumi, si uzururaji. Mjini kati, soko la vipuri lenye sifa kubwa ni Kirinyaga Road, ambayo zamani iliitwa Grogan Road kwa jina la mlowezi Ewart Grogan, na hadi leo wazee wa mji na mafundi wengi bado huiita Grogan. Magharibi ya mji utawakuta mafundi Dagoretti Corner, Kawangware, Kangemi na pembezoni mwa Ngong Road. Wengine wana banda na jeki moja, na wengine wamekwisha kujenga gereji kamili yenye sakafu, winchi na mashine za kupimia.

Kwa hiyo jambo la mwanzo ni hili: njia si mbili, ni tatu. Yuko wakala, yuko fundi wa kandokando ya barabara, na kati yao iko gereji ya kujitegemea yenye mafundi waliosomea, ambao baadhi yao waliwahi kufanya kazi kwa mawakala kisha wakafungua zao. Mtu anayedhani hana budi kuchagua kati ya ncha mbili huikosa njia hii ya katikati, nayo kwa jamaa nyingi ndiyo inayofaa.

Sasa tuulize: bei ya wakala inanunua nini? Yanunua mafunzo ya kiwanda kwa aina ile moja ya gari. Yanunua kompyuta inayozungumza na kila sehemu ya gari hilo. Yanunua kipuri kilichotoka kwenye kiwanda chenyewe, na yanunua karatasi: hesabu ya kazi, risiti, dhamana na kumbukumbu ya gari tangu siku ya kwanza. Ndani ya bei hiyo imo pia kodi ya jengo, mshahara wa karani, na kahawa uliyokunywa. Usilolipata ni kumuona mtu aliyeligusa gari lako. Aliyekupokea siye aliyelifungua, na aliyelifungua hukumjua jina. Tena wakala mara nyingi hupendelea kubadilisha kitu kizima kuliko kukikarabati, maana kubadilisha ni haraka na dhamana yake ni rahisi kuitoa.

Na bei ya fundi inanunua nini? Yanunua mkono, macho na uzoefu wa mtu unayemuona. Fundi mwenye miaka 20 ya kufungua Toyota moja baada ya nyingine hulisikia gari linavyogonga akajua kabla ya kuinama. Atakwambia kipi kingali na maisha na kipi kimekwisha. Atakikarabati kilichoweza kukarabatiwa. Utakaa pembeni yake utazame. Usilolipata kwake ni karatasi. Hakuna makadirio yaliyoandikwa, hakuna risiti, na dhamana ni neno lake tu: “Mama, kikisumbua rudi.” Kwa wakala umeuamini utaratibu. Kwa fundi umemwamini mtu.

Tofauti hii ndiyo tuliyotaka msomaji aishike, kwa kuwa yote yanayofuata yamejengwa juu yake. Ukienda kwa wakala, kazi yako ni kumtafuta mtu ndani ya utaratibu: omba kuzungumza na fundi mwenyewe, omba uonyeshwe kilichoharibika. Ukienda kwa fundi, kazi yako ni kuutia utaratibu juu ya mtu: uje na daftari lako, uandike, naye atie saini.

Tukija kwenye uchaguzi, hatua ya kwanza ni kuijua hali ya gari. Ikiwa ni jipya, lililonunuliwa kwa wakala hapa Kenya na lingali ndani ya muda wa dhamana, basi libaki kwa wakala mpaka muda huo uishe. Ukilifungua kwingine, siku litakapopata kasoro kubwa utaambiwa kuwa limeguswa na mkono mwingine, na dhamana utaikosa. Lakini magari ya jamaa zetu wengi si hayo. Ni yale yaliyotumika Japani, yakateremka bandari ya Mombasa yakiwa hayajapita miaka 8 kama inavyotakiwa na kanuni za Kenya. Gari kama hilo kwa kawaida halina dhamana ya kiwanda ya kupoteza, kwa hiyo hoja kubwa ya kushikamana na wakala kwa kila kitu haipo tena.

Hatua ya pili ni kuijua kazi yenyewe. Ziko kazi ambazo hatumshauri mtu kuzipeleka kando ya barabara hata kwa bei ya bure. Ya kwanza ni mifuko ya hewa, yaani eabegi, na mikanda yake. Eabegi ina baruti ndogo ndani yake, na kosa moja laweza kuifanya ilipuke usoni mwa fundi, au isifunguke siku ya ajali. Wasomaji watakumbuka habari ya kampuni ya Kijapani ya Takata, ambayo eabegi zake zilirudishwa viwandani kwa mamilioni ulimwenguni kote baada ya kugundulika kuwa baadhi yake hupasuka na kurusha vipande vya chuma, hata kampuni yenyewe ikafilisika mwaka 2017. Magari mengi ya Japani ya miaka ile yalihusika. Mwenye gari lililotumika na aichukue nambari ya chasi amuulize wakala wa aina hiyo ya gari iwapo limo katika orodha ya yanayorudishwa. Kuuliza hakuna aibu, na huenda kukaokoa uso wa mtoto.

Ya pili ni magari ya haibridi, ambayo sasa yamekuwa mengi barabarani Nairobi. Betri kubwa ya gari kama Prius ina nguvu ya umeme inayozidi volti 200, na nyaya zake hupakwa rangi ya chungwa ili mtu ajihadhari. Umeme huo huua. Fundi asiyejifunza kuuzima asiruhusiwe kuugusa, hata akiwa hodari wa injini za petroli. Ya tatu ni funguo za kisasa na kompyuta ya gari inapohitaji kuandikwa upya. Kazi hizi tatu zipelekwe kwa wakala, au kwa gereji iliyobobea katika hizo na yenye vifaa vyake.

Ziko nazo kazi ambazo fundi mzuri wa kujitegemea huzifanya sawa na wakala, na kwa bei nyepesi zaidi. Kubadilisha oili na chujio, padi za breki, plagi, shokamzoba, bushi na boljointi, mikono ya usukani, redieta, kilachi: hizi ni kazi za kila siku. Barabara zetu zenye matuta na mashimo huzila bushi na shokamzoba kuliko barabara za Japani zilizotengenezewa gari hilo, na fundi wa Dagoretti Corner amezibadilisha mara nyingi zaidi kuliko kijana yeyote wa karakana ya kampuni. Hapo uzoefu wake ni elimu.

Lakini hata katika kazi nyepesi yako mambo ya kuchunga, na mfano mmoja utatosha. Magari mengi ya sasa yana giaboksi ya aina ya CVT, ambayo haina gia za meno bali ina mkanda unaozunguka kati ya puli mbili. Giaboksi hiyo yataka oili yake maalumu. Ukitiwa oili ya giaboksi ya kawaida, gari litaondoka vizuri tu, na mama atashukuru kwa kuokoa pesa. Baada ya muda litaanza kutetemeka na kusita, kisha giaboksi nzima itakufa, na bei yake ni kubwa kuliko huduma za miaka mingi. Basi kabla oili haijamiminwa, kitabu cha gari kitazamwe, na kopo lifunguliwe mbele yako. Rahisi ghali, walisema wazee.

Hapa yatupasa kusema neno ambalo huenda lisipendeze. Hulalamika watu kuwa mafundi wa jua kali hutia vipuri bandia. Wako wanaofanya hivyo, na hilo ni ghushi. Sote twaijua habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akaingiza mkono ndani ya rundo la chakula akakuta chini yake unyevu, akamkemea muuzaji na kumwambia kuwa mwenye kughushi si katika wenzake. Hukumu hiyo yamhusu kila anayepaka rangi kipuri kikuukuu akakiuza kipya, awe kando ya barabara au ndani ya jengo la vioo.

Lakini tujitazame nasi tunaopeleka magari. Tuchukue mfano. Fundi ametaja ujira wa shilingi 3,000 kwa kazi ya kutwa nzima. Sisi twamshika, twamvuta, twamtajia shida zetu zote, mpaka ashuke hadi 1,000. Kisha twampa pesa za kipuri akanunue mwenyewe huko Kirinyaga Road. Je, mtu huyu mwenye watoto kama sisi atairudisha wapi ile 2,000 aliyopokonywa? Ataitafuta ndani ya kipuri. Atanunua cha bei ya chini na kutwambia bei ya juu, au atapokea chake kutoka kwa mwenye duka. Hatusemi kwamba ni halali kwake. Twasema kuwa sisi tumemjengea njia ya kuipitia, na baadaye padi hizo za breki ndizo zitakazosimamisha gari lenye watoto wetu pale mteremko wa Waiyaki Way.

Kwa hiyo ushauri wetu ni kuvitenga vitu viwili ambavyo desturi imevichanganya. Ujira wa mkono na ulipwe kwa ukamilifu, bila kumbana mtu mpaka mfupani, na ulipwe kazi inapomalizika, kwani tumeamrishwa kumpa mfanyakazi haki yake kabla jasho halijamkauka. Kipuri nacho ununue mwenyewe, kwa kuelekezwa na fundi. Atakuandikia jina lake na nambari yake, au atakupa kile kikuukuu ukaende nacho dukani. Ulize maduka mawili au matatu. Ulize waziwazi: hiki ni cha kiwanda chenyewe, au ni cha kampuni nyingine inayotengeneza vipuri, au ni kilichotumika kutoka Japani? Vyote vitatu vyaweza kufaa, kila kimoja kwa mahali pake na kwa bei yake. Kisichofaa ni cha nne, kile kinachojidai kuwa si hicho kilicho. Kilichotumika chaweza kununuliwa kwa mlango, taa au kioo, bora duka liwe na jina na risiti, usije ukanunua mali iliyong'olewa kwenye gari la mwenzio. Lakini padi za breki, mikanda na oili vinunuliwe vipya daima. Na ukiuziwa bandia, ujue kuwa nchi ina sheria dhidi yake tangu mwaka 2008 na mamlaka iliyoundwa kwa ajili hiyo.

Sasa, fundi mwema utamjuaje? Katika Sura ya Al-Qasas imo habari ya Musa, amani imshukie, alipofika Madyan akiwa mkimbizi, akawanyweshea mifugo mabinti wawili. Mmoja wa mabinti hao ndiye aliyempa baba yake rai ya kumwajiri, akamweleza kuwa mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu aliye mwaminifu. Na tulizingatie: rai hiyo ilitoka kwa mwanamke, tena baada ya kumuona mtu akifanya kazi. Wala hakutaja sifa moja akaiacha nyingine. Mwaminifu asiyeijua kazi atakuharibia gari kwa nia njema, na hodari asiye mwaminifu atakuibia kwa ustadi.

Nguvu ya fundi ni ujuzi wake. Ulize amelifungua gari kama lako mara ngapi. Ulize kama ana cheti cha majaribio ya ufundi kutoka NITA, ile mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, ingawa wako mahodari wasio nacho. Tazama kama ana mashine ya kusoma makosa katika kompyuta ya gari, na kama anatafuta sababu kabla ya kufungua nati. Fundi anayebadilisha kitu kimoja, kisha cha pili, kisha cha tatu, akitumai ugonjwa utaondoka, anajifunza kwa fedha zako.

Uaminifu wake nao una dalili. Mwaminifu hukuonyesha kilichoharibika kabla hajakitoa. Hukurudishia kikuukuu bila kuombwa. Hukwambia, “Hili siliwezi, lipeleke kwa fulani.” Hukwambia pia, “Hili lingali zima, ngoja miezi sita.” Mpe kwanza kazi ndogo, kama kubadilisha oili, kabla ya kumkabidhi injini. Na waulize waliomtangulia, hasa wanawake wenzio, kwani wako mafundi wenye bei mbili, ya bwana na ya bibi.

Na kwa wale wanaodhani kuwa kwenye gereji hakuna ila neno la mwenye spana, twawajulisha kuwa Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012, nayo ina sehemu nzima juu ya ukarabati wa magari. Yamtaka mkarabati atoe makadirio ya gharama kabla ya kuanza, isipokuwa mwenye gari mwenyewe ameyakataa na kutaja kiwango cha mwisho anachokubali. Yamkataza kutoza zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio hayo. Yamtaka akurudishie vipuri vilivyotolewa. Na yahesabu kuwa amevidhamini vipuri vipya alivyotia na kazi ya kuvifunga kwa siku 90 au kilomita 5,000, lolote litakalotangulia. Sheria hii haikubagua: yamhusu wakala mwenye jengo na fundi mwenye banda.

Ukidhulumiwa na sulhu ikashindikana, usilipeleke shauri hili kwa Kadhi, kwani kwa mujibu wa Katiba mahakama ya Kadhi hapa kwetu huamua mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Iko Mahakama ya Madai Madogo, ambayo Nairobi ilianza kazi Milimani mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakusudiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60, na mtu aweza kusimama mwenyewe bila wakili. Lakini mahakama yataka ushahidi, na ushahidi ni maandishi. Ndiyo maana twasema lipa kwa M-Pesa au benki, na si fedha mkononi, ili ibaki alama ya nani alimlipa nani na lini.

Maandishi yana faida nyingine. Katika madhehebu yetu ya Kishafii, kauli yenye nguvu ni kuwa mkono wa fundi juu ya mali aliyokabidhiwa ni mkono wa amana: kikiharibika bila uzembe wala kupita mipaka, hatozwi. Akizembea, ni juu yake. Wako wanavyuoni wengine waliomtia dhamana fundi wa watu wote, wakiona kuwa bila ya hivyo mali za watu zitapotea. Vyovyote iwavyo, huwezi kuujua uzembe ikiwa hamkukubaliana tangu awali kazi ni ipi na mipaka yake ni wapi. Andikeni: tarehe, kilomita zilizoko kwenye saa, kazi iliyoagizwa, bei ya vipuri, ujira, na siku ya kumaliza. Mistari sita inatosha. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Turudi sasa kwa mama yetu wa Kileleshwa, tumpe jibu lake. Taa ya manjano ya injini si taa ya kukutoa roho. Ile nyekundu ya breki, ya oili au ya joto ndiyo inayotaka gari lisimamishwe papo hapo. Hata hivyo ya manjano isiachwe mpaka mwezi uishe, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Nenda kwanza kwenye gereji ya kujitegemea yenye mashine ya kupimia, ulipe gharama ya kupima peke yake, na uandikiwe nambari ya kosa. Si lazima utengeneze hapo. Nambari hiyo uitume kwa wakala na kwa fundi mwengine, uombe makadirio ya kila mmoja. Mgongano wa mbele nao aghalabu ni bushi, boljointi au shokamzoba, na hiyo ni kazi ya fundi mzoefu. Gari liinuliwe, utikiswe mguu wa mbele machoni pako, uone kinachocheza. Baada ya hapo kipuri ununue mwenyewe, na ujira ulipe kamili. Ikiwa kosa la kompyuta litaonyesha eabegi au kitu kinachohitaji kuandikwa upya, hapo ndipo safari ya kwa wakala ina thamani yake.

Na kwa akina baba walio safarini, kabla ya kumwambia mkeo kwa simu, “Mpe fundi anipigie mimi,” fikiri kidogo. Uliye Doha au Maskati huisikii ile ngoma ya bushi. Anayeisikia ni yeye aliyeshika usukani. Ukimfanya mjumbe tu, fundi atajua kuwa mwenye rai hayupo na aliyepo hana rai. Mfundishe, mwachie uamuzi, na mwandikie nambari za watu wa kuwauliza. Iko siku, Mungu atukinge, ambapo hutakuwapo hata kwenye simu, na gari litabaki na yeye na watoto. Wajane tuliowaona wakinyang'anywa magari kwa hesabu za uongo hawakuwa wajinga. Ni watu ambao hawakuwahi kuachiwa hata kubadilisha oili.

Lolote mtakalochagua, wakala au fundi, wafunzeni na mabinti zenu kuitazama oili kwenye kijiti chake, maji kwenye redieta gari likiwa limepoa, na upepo wa magurudumu kila Ijumaa asubuhi. Ni kazi ya dakika kumi, haihitaji wakala wala haihitaji fundi, na wengi wanaofika gereji wakiwa na hasara kubwa wangeliiona ingali ndogo.

Mwenyezi Mungu azihifadhi safari zenu na awafikishe salama mwendako. Wabillahi tawfiq.